Mkono umechanwa, nguvu ya kukamata inarudi lini? (Niliyoongea na wakulima na wabanguaji wa korosho, Mtwara)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyie wadogo zangu wa bodaboda mliosimama kule nyuma kwenye kivuli cha mwembe, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi. Nashukuru kupewa nafasi kabla mkutano haujaingia kwenye mambo ya salfa na pembejeo, najua hayo ndo yamewatoa majumbani kwahiyo naenda moja kwa moja. Kazi yangu ni fiziotherapia, mtu wa mazoezi kama mnavyotuita, na huku kwetu Mtwara na Lindi mtu wa mazoezi ukikaa siku nzima unakutana na mikono tu. Mikono ya kubangua korosho, mikono ya kukuna nazi, mikono ya tezo na patasi ya wachonga vinyago, mikono ya kuvuta nyavu kuanzia Msimbati mpaka Kilwa huko. Leo nataka kuongelea mikono ambayo tayari imeshachanwa, yaani imefanyiwa upasuaji, au inasubiri kuchanwa, na humo ndani naongelea kitu kimoja ambacho nimeona kinawavunja watu moyo kuliko hata kisu chenyewe, nguvu ya kukamata.

Iko hivi. Mtu amehangaika na ganzi ya vidole muda mrefu, ile madaktari wanaiita kapo taneli, analala vizuri ikifika saa nane usiku anashtuka vidole vinawaka moto, anakaa kitandani anakung'uta mkono, mchana sindano ya kushonea haishiki, sahani zinamponyoka. Mwisho anaenda hospitali anachomwa ganzi pale kwenye kiganja anachanwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Siku chache tu analala usingizi mzima, anafurahi, anawaambia majirani nimepona. Sasa wiki ya tatu anasema ngoja nikamue tui. Anakusanya machicha mkononi, anabana, tui linatoka matone mawili matatu, vidole vinatetemeka, kiganja kinauma huku chini pande zote mbili, anaita mtoto aje amalizie. Hapo ndo maneno yanapoanza, wameniharibu mkono, bora nisingeenda, na jirani aliyekuwa anajiandaa kwenda naye anaghairi. Mi inaniuma sana hii kwa sababu huyo mama mkono wake haujaharibika hata kidogo. Alitakiwa aambiwe kabla, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba nguvu ya kukamata baada ya kuchanwa inashuka kwanza halafu inapanda, inapanda kwa miezi sio kwa siku, na kuipandisha ni kazi yake yeye mwenyewe akiwa nyumbani kwake.

Wenzetu Marekani walishalipima hili zamani. Daktari Gellman na wenzake mwaka 1989 walichukua watu waliochanwa kwa tatizo hilo la ganzi wakawapima nguvu kabla na baada. Wiki ya 3 nguvu ya kukamata ilikuwa asilimia 28 tu ya ile waliyoingia nayo hospitali. Asilimia 28 mama zangu, yaani chini ya theluthi. Wiki ya 6 ikafika asilimia 73. Miezi 3 wakarudi pale pale walipokuwa, na miezi 6 wakavuka wakafika asilimia 116. Kwahiyo yule mama wa tui la wiki ya tatu alikuwa yupo pale pale ambapo binadamu wengine wako wiki ya tatu. Mmoja anakuwa mbele kidogo mwingine nyuma kidogo, ila njia ni hiyo hiyo, chini kwanza, halafu juu.

Kwanini inashuka wakati tatizo limetolewa? Hebu wote fungueni kiganja kimoja, angalieni pale chini kiganja kinapoungana na mkono. Hapo katikati kuna njia nyembamba, chini na pembeni ni vifupa vidogo vidogo, juu yake umepita utepe mgumu, ligamenti. Ndani ya njia hiyo zinapita kano 9 za kukunja vidole na mshipa mmoja wa fahamu unaitwa midiani. Hakuna nafasi ya ziada humo, kano zikivimba kidogo tu, iwe kwa kazi, iwe kwa ujauzito, iwe kwa kisukari, anayeumia ni mshipa, na ndo maana ganzi inakuja dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, kidole cha mwisho mara nyingi kinabaki salama. Hiyo ndo kapo taneli yenyewe. Daktari anachofanya ni kuukata ule utepe ili mshipa upumue. Sasa utepe ule haukuwa wa bure pale. Ulikuwa unazizuia kano zisiinuke unapokunja mkono, na ile misuli ya chini ya dole gumba pamoja na ya upande wa kidole cha mwisho imejishikiza hapo hapo. Ukishakatwa misuli inakosa pa kujishikizia vizuri kwa muda, kano nazo zinainuka kidogo, na mwili unaanza kazi ya kuziba ule uwazi kwa kovu jipya. Maumivu yale ya pande mbili chini ya kiganja yanatoka huko, wengi yanawaisha kati ya miezi 3 na 6, hayamaanishi kuna kitu kimeachwa ndani wala mshipa umekatwa.

Kuna jambo moja kwenye ule upimaji wa 1989 ambalo kwa watu wa korosho ni muhimu kuliko yote. Walipima pia nguvu ya kubana kwa vidole, na hii haikuanguka sana. Wiki ya 3 ilikuwa asilimia 74, wiki ya 6 ilikuwa asilimia 96. Umeona tofauti? Kubana kunarudi mapema, kufumbata kwa kiganja kizima kunachelewa. Sasa fikiria kazi zetu. Kuokota korosho na kuitenganisha na bibo lake ni kubana na kuzungusha kidogo. Kumenya ganda jembamba la ndani kwa kisu kidogo ni kubana. Lakini kushusha mkono wa mashine ya kubangulia kutwa nzima, kushika mpini wa jembe, kunyanyua gunia, hiyo ni kufumbata. Kwahiyo mtu akiniuliza narudi kazini lini namuuliza kwanza kazi ipi. Wiki ya sita au ya saba anaweza kuwa yupo chini ya mkorosho anaokota vizuri tu, na mtu huyo huyo mashine ya kubangulia bado haitaki, jembe bado halitaki, na wote wawili ni yeye.

Na hapo ndo naingia kwenye suala la lini uchanwe, ambalo watu wanaliacha kwa bahati. Msimu wetu umeshika Oktoba mpaka Desemba. Ukienda Agosti mwishoni ukategemea Oktoba unabeba magunia, utaumia na utalalamika. Mama ambaye hapulizi salfa, akishamaliza kuvuna mpunga na mahindi yake, akichanwa Juni au mwanzoni mwa Julai, Oktoba inamkuta ametimiza miezi mitatu. Baba ambaye Juni na Julai yuko na mota ya kupulizia mgongoni, ile mashine inatetemesha mkono na ni nzito, huyo bora asubiri msimu uishe, aende Januari akiwa na hela ya korosho, ila apange kabisa nani atamfanyia palizi. Sisemi ni rahisi, najua palizi ya Januari haina mwenyewe wa kukuazima mikono, ndo maana nasema pangeni mapema mezani na familia. Isipokuwa mtu mmoja. Ukiangalia mkono wako ukaona ile nyama ya chini ya dole gumba imeanza kuliwa, pamebonyea, ukilinganisha na mkono mwingine ni tofauti kabisa, wewe usisubiri msimu wowote, nenda. Mshipa wa fahamu ukishaumia kiasi hicho unarudi taratibu mno, unakua kama milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa muda mrefu bila mshipa unaweza usirudi wote. Hapo kila mwezi unaochelewa unalipia nguvu.

Niseme na vidole vinavyonasa, maana nimeona mama mmoja mbele hapa anakivuta kidole kwa mkono mwingine ili kinyooke. Ile asubuhi unafumba ngumi, unafungua, vidole vitatu vinafunguka kimoja kinabaki kimekunja, unakivuta kinaachia kwa kishindo. Kano imevimba na inapita kwenye pete ya nyama ngumu pale chini ya kidole kwenye kiganja, ni sawa na kamba ya tanga yenye fundo inayolazimishwa ipite kwenye kipete chake. Mara nyingi tunaanza na sindano ya dawa pale pale na wengi inawatosha, ikishindikana daktari anaifungua ile pete, ni kazi ya dakika chache. Nguvu baada ya hii inarudi haraka kuliko ile ya kapo taneli, ndani ya wiki kadhaa mtu yuko vizuri. Kinachosumbua ni kile kiungo cha katikati ya kidole, kama kimekaa kimekunja miezi mingi kabla ya kuchanwa kinakataa kunyooka, na kidole kisichonyooka hakishiki kitu kipana, ndoo utaishika lakini kigingi kinene hutakizunguka. Kwahiyo hapa zoezi la kwanza ni kunyoosha, nguvu baadae. Na wenye kisukari, nyie vidole kunasa kunawapata zaidi, na vinaweza kunasa zaidi ya kimoja, sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa na vidole vinakakamaa, dhibiti sukari kabla hujapanda kitanda cha daktari.

Kuna akina mama waliotoka kujifungua wanaumwa upande wa dole gumba kwenye kifundo cha mkono, akimnyanyua mtoto anapiga kelele, hiyo inaitwa De Quervain, wengi wanapona kwa kupumzisha mkono na sindano bila kuchanwa, sitakaa hapo. Ila bibi zangu na mama zangu wa miaka hamsini na kuendelea wenye maumivu pale kwenye shina la dole gumba, ambao kufungua kifuniko cha chupa ni mateso, hiyo ni mifupa imesagika. Wakiamua kuchana wanatoa kifupa kimoja kizima pale kwenye shina. Maumivu yanapungua vizuri, lakini hii ndo yenye subira ndefu kuliko zote nilizotaja, wiki 4 mpaka 6 mkono uko kwenye plasta au splinti, kile kifaa cha kuushikilia usicheze, mazoezi ya nguvu yanaanza kwenye mwezi wa tatu hivi, na mkono unaendelea kuongeza nguvu mpaka miezi 6, wengine mwaka mzima. Ukiambiwa mwezi mmoja umepona, mwambie aliyekuambia aje kwangu tuongee.

Sasa nyumbani unafanya nini. Hapa ndo nataka muda wangu uishie.

Kitu cha kwanza ninachokutana nacho ni khanga. Mtu ametoka hospitali, mkono umefungwa bandeji, dada yake anamfungia khanga shingoni, mkono unaning'inia kifuani, na anakaa hivyo wiki mbili kwa upendo kabisa. Akija kwangu vidole vimevimba vimekuwa vigumu, na bega nalo limeganda. Khanga ile vaa ukiwa unatembea kwenye daladala watu wasikugonge, ukifika nyumbani vua. Ukikaa, egemeza mkono kwenye mto uwe juu ya usawa wa moyo, ukilala vile vile. Na vidole vianze kutembea siku ile ile, ganzi ikiisha tu. Vinyooshe vyote. Halafu vikunje viungo vya mbele tu kama ndoana huku viungo vya chini vimenyooka. Fungua. Funga ngumi kamili. Fungua. Kunja vidole kuanzia kwenye shina lakini vyenyewe vimenyooka kama unaonyesha pembe ya meza. Fungua. Mara kumi, asubuhi mchana jioni na kabla ya kulala. Hii inafanya zile kano ziteleze zisishikane na kovu, haihitaji nguvu, na haitafungua kidonda chako. Zungusha na bega na kiwiko usiviache. Kwa kapo taneli ya kawaida mkono hauhitaji kukaa kwenye splinti wiki nyingi, tena ukifungwa sana unakakamaa bure.

Nyuzi zinatoka kati ya siku 10 na 14. Kidonda kikishafunga kabisa, hakuna unyevu hakuna gamba linalong'oka, anza kulikanda kovu. Mafuta ya nazi yapo, mafuta ya ufuta huku Lindi yapo ya kumwaga, chukua kidogo, bonyeza kovu kwa dole gumba la mkono mwingine na uzungushe taratibu dakika 5, mara tatu kwa siku. Mwanzoni utachukia, kovu linakuwa na makali, hata maji yakiligusa unaruka. Kwa hilo chukua khanga laini ulisugue, siku zinazofuata taulo, halafu chukua bakuli la ufuta uzamishe mkono uuchezeshe humo, baadae choroko, baadae mchele, ngozi inazoea yenyewe inaacha kuogopa. Mtu ambaye kovu lake linaogopa kuguswa hatafumbata kitu hata misuli ikiwa mizima, akili yake haitamruhusu. Na wabanguaji nawaomba, maganda ya korosho yale mafuta yake yanaunguza hata ngozi nzima, msiyape kovu bichi. Glavu, au subiri.

Kwenye wiki ya nne mpaka ya sita ndo unaanza kukamua vitu vyepesi. Sponji ya kuoshea vyombo kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kamua hesabu mpaka tatu, achia. Halafu kitambaa kidogo kilicholowa. Halafu kanda unga wa ngano kidogo ule wa chapati, tia mafuta usikauke, ukande, ubinye, uuvute kwa kila kidole peke yake. Kule kliniki tuna udongo maalum wa rangi rangi kwa kazi hii, unga unafanya kazi ile ile. Msiwasahau kidole cha pete na kidole cha mwisho, watu wanafanyisha mazoezi vidole vya mbele tu wakati nguvu kubwa ya kushikilia mpini iko kwa hawa wawili wa nyuma.

Na jaribuni kitu sasa hivi, wote. Kunja kifundo cha mkono chini kabisa, kiganja kiangalie kwako, halafu funga ngumi kwa nguvu zote. Haishiki, si ndio? Sasa inua kiganja kielekee nyuma kidogo tu, funga ngumi. Umeona. Kifundo kikiinuka kidogo kuelekea nyuma ndo vidole vinapata nguvu zake zote. Kwahiyo mazoezi yote ya kukamata fanya kifundo kikiwa hivyo, na ukirudi kazini angalia kifundo chako kimekaaje, wengi mnaolalamika hamna nguvu mnashika kazi huku kifundo kimelala.

Wiki ya sita au ya nane hivi, kama kidonda kimetulia, tafuta dumu la lita 5. Maji lita 1 ni kilo 1, hiyo ndo mizani yako. Weka lita moja, zungushia kitambaa kwenye mshikio maana ule mshikio mwembamba unakata kiganja pale pale kwenye kovu, nyanyua tembea nalo uani, liweke chini. Likiwa jepesi ongeza nusu lita. Kesho yake asubuhi uangalie mkono wako. Kama jana usiku uliuma kidogo na asubuhi umetulia, endelea. Kama asubuhi umevimba, pete haiingii, maumivu bado yapo, jana ulizidisha, rudisha maji nyuma pumzika siku moja. Ongezeni kwa kufuata mkono sio kwa kufuata jirani.

Kuna kazi za nyumbani ambazo zinarudi mwisho na watu hawaambiwi. Kukuna nazi ni mojawapo. Ukikaa kwenye mbuzi, kile kifuu unakisukuma kwa chini ya kiganja, pale pale kwenye kovu, huku unazungusha, yaani kazi hiyo imekaa juu ya kidonda chako. Mpe mtoto akune, wewe miezi miwili mitatu kaa mbali nayo. Kukamua tui inakuja kabla ya kukuna, anza kwa machicha kidogo kidogo. Kutwanga, kwa mikono miwili na mchi mwepesi kwanza. Na kwa sisi tunaoswali, kwenye sijda na kuinuka kutoka kwenye mswala uzito unakwenda kwenye viganja na wengi wanauma mpaka machozi, basi wiki za mwanzo swali umekaa kwenye kiti, Mwenyezi Mungu hajamuwekea mgonjwa uzito, muulizeni shehe wenu yupo hapa.

Wachongaji, mpini wa tezo uzungushieni mpira wa tyubu ya baiskeli, ushike kidogo usiteleze, mkono hautalazimika kubana sana, na mpingo ni mgumu, rudini kwa kusugua msasa na kazi ndogo kabla ya kurudi kwenye kupasua gogo. Jembe vile vile. Vijana wa boda, nyie sikilizeni vizuri. Kushoto una klachi, kulia una moto na breki ya mbele. Kama mkono wako hauwezi kubana breki kwa ghafla mpaka mwisho mara kumi mfululizo pikipiki ikiwa imesimama, wewe huna breki, na abiria wako hajui hilo. Usiingie barabara ya Masasi na mkono wa wiki tatu kwa sababu tajiri anataka hesabu. Kaa naye muongee.

Mtu akiwa na nafasi ya kufika kliniki tunampima na dainamomita, kidude cha chuma unakikamata mshale unasoma kilo. Unakaa, kiwiko umekikunja pembe mraba ubavuni, unakamata kwa nguvu zote mara tatu tunachukua wastani, mkono huu na huu. Msilinganishe namba na mtu mwingine. Kule Uingereza mwanaume wa miaka thelathini na kitu anakuwa kwenye kilo 51 hivi na mwanamke kilo 31, lakini ukiwa na miaka sitini hizo sio namba zako. Mkono unaotumia zaidi huwa unazidi mwenzake kwa kama asilimia 10. Kipimo chako cha kweli ni mkono wako mwenyewe kabla hujachanwa, kwahiyo ukipangiwa tarehe omba kabisa upimwe kabla na wakuandikie kwenye daftari lako. Bila ile namba ya kwanza wiki ya tatu utakuja unalia mi sina cha kukuonyesha, lakini nikiwa nayo nakwambia uliingia na kilo 20, ulishuka mpaka 6, leo umepanda uko 14, nyanyua dumu.

Mambo ya kurudi hospitali haraka bila kunisubiri mimi: kidonda kinatoa usaha, wekundu unapanda mkononi, homa. Ganzi ambayo haikuwepo kabla au kidole ambacho hakikunji kabisa. Na kuna moja watu wanaichukulia kawaida, mkono mzima unavimba, unawaka, ngozi inang'aa inabadilika rangi, unatoka jasho mkono huo peke yake, maumivu makubwa kuliko kidonda chenyewe. Huo usikae nao ndani unaukanda na dawa za majani. Ukiwahiwa mapema unasaidika, ukichelewa unaweza kukakamaa.

Nimalizie na swali aliloniuliza shangazi mmoja kabla sijasimama, kwamba mikono yake yote miwili inakufa ganzi, je achanwe yote siku moja amalize. Inawezekana, wapo wanaofanya hivyo, lakini mi kwa maisha yetu simshauri. Wa kulia unalia chakula, wa kushoto unajisafishia, ndoo ya kisimani inahitaji angalau mmoja, na wiki ya tatu yote miwili itakuwa kwenye ile asilimia 28. Shangazi, anza na ule unaokuamsha zaidi usiku, au ule ambao nyama ya gumba imepungua, subiri mpaka ule wa kwanza uweze kubeba lita tatu kwenye dumu bila kuvimba asubuhi yake, ndo upeleke wa pili. Na siku ya kwenda njoo na yule binti yako anayekaa na wewe, maana yeye ndo nataka nimuelekeze yale mazoezi.